Mume wa Kuazima na Gari la Mwalimu

Kitu cha kwanza alichokiona binti kilikuwa ufunguo. Shangazi yake ndiye aliyenyoosha mkono, kiganja wazi, lakini ufunguo ulipita juu ya kiganja kile kama ndege aliyeona mti mzuri zaidi mbele, ukaenda kutua mkononi mwa fundi cherehani. Fundi aliupokea, akaugeuza huku na huku, kisha akautia mfukoni. Katika maisha yake yote hajawahi kuwasha hata pikipiki.

"Karibu sana, mzee," alisema muuzaji wa magari, macho yote kwa fundi. "Leo tunamchagulia mama gari, siyo?"

Fundi aliguna. Ndivyo alivyoagizwa, agune tu.

Shangazi aliurudisha mkono wake taratibu, akajifanya alitaka kujifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Binti alicheka, lakini alicheka kwa ndani. Mambo yake mengi aliyafanya kwa ndani. Ndiyo maana wateja wa saluni walimpa jina la Kimya, na jina likamkaa hadi shangazi yake mwenyewe akawa anamwita hivyo.

Safari ya kwenda pale yadi ilianzia saluni. Shangazi alikuwa msusi, na sifa zake zilikuwa kwenye vichwa vya maharusi. Lakini maharusi wa siku hizi hawataki kuifuata saluni. Wanataka saluni iwafuate wao: mashine ya kukaushia nywele, kiti cha kuzunguka, vikapu vya nywele za bandia, vyote viende nyumbani kwa bibi harusi na virudi salama. Shangazi aliona kazi zinampita. Siku moja, mkono mmoja ukiwa kwenye nywele za mtu na mwingine kiunoni, akatangaza kwamba atanunua gari.

Loo! Kuanzia hapo kila aliyekalia kile kiti akageuka mshauri.

"Nenda umevaa nguo za jikoni," alisema muuguzi mmoja, kichwa kimeinamishwa, sauti inatokea magotini. "Wewe ukipendeza, na bei nayo inapendeza."

"Na usitaje rangi unayoipenda," alidakia mwingine. "Ukisema jekundu tu, utaletewa jekundu bovu."

"Mimi langu nililipendea kile kioo cha kujitazamia."

"Na injini?"

"Injini ningeionea wapi? Kwani ilikuwa kwenye kioo?"

Saluni nzima ilicheka mpaka shangazi akalazimika kuufumua mstari aliokuwa anausuka.

Aliyeshauri ya maana alikuwa Dada wa Lori. Huyu alikuwa mwanamke mrefu aliyeendesha lori la mizigo, na alikuja kusukwa kila aliporudi safari. Kichwa chake kilikuwa cha Kimya. Hakutaka mtu mwingine, maana alisema huyu msichana ana vidole laini na mdomo mwepesi wa kufunga.

"Nendeni asubuhi," alisema. "Kabla halijawashwa, wekeni mkono juu ya boneti. Mkikuta ni ya moto, jueni wamelipasha kwanza lisije likawaaibisha kuwaka. Na muuzaji akifungua redio, zimeni. Injini nayo ina maneno yake, iacheni iseme."

Kimya alisuka, hakusema. Ila Dada wa Lori alikuwa na tabia moja: akisimulia barabara alisimulia na miguu. Hapa unakanyaga klachi, hapa unaachia pole pole, kama unamlaza mtoto asiamke, hapa mguu wa kulia uwe tayari kwa breki. Na chini ya stuli, mahali ambapo hakuna aliyetazama, miguu ya Kimya nayo ilikanyaga, ikaachia, ikawa tayari. Alikuwa akifanya hivyo tangu zamani. Aliporudi nyumbani alitembea huku akijiuliza ingekuwaje kukaa mbele, upande ule wenye usukani, barabara ikujie wewe badala ya kukuacha. Kuuliza aliona aibu. Shule yenyewe aliiacha njiani kabla ya kumaliza, seuze udereva? Watu wangesema mtoto wa watu anaota mchana.

Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Shangazi mwenyewe hakuwa na nia ya kuendesha, maana goti lake la kulia lilishagoma kazi kwa kusimama miaka. Gari likipatikana angetafutwa dereva. Kila alipolitaja neno dereva, shangazi alisema "huyo kijana," na kila mara Kimya aliinamisha uso zaidi kwenye kichwa cha mteja.

Ushauri mmoja uliungwa mkono na wote: usiende bila mwanaume.

"Mwanaume gani?" shangazi aliuliza. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi.

"Yeyote. Awe na ndevu tu."

Mwenye ndevu aliye karibu alikuwa fundi cherehani wa mlango wa pili. Mkewe hakuwa na kinyongo, alitoa masharti tu kama mtu anayeazimisha mali. "Nimekuazima, sikukuuzia," alimwambia shangazi. "Arudi mapema, na asiwe na mikwaruzo."

Basi ndio hao yadi. Ulikuwa uwanja wa kokoto uliozungushiwa wavu wa waya, magari yamepangwa pua kwa pua, mengine bado yanadondosha maji milangoni kama watoto waliotolewa kuogeshwa sasa hivi. Muuzaji alikuwa mcheshi, shati limepigwa pasi hadi kola imesimama. Kwake shangazi alikuwa dada, na fundi alikuwa mara mzee, mara shemeji. Kimya hakupewa jina, ila alipewa tabasamu.

"Dada, gari lako hili hapa," muuzaji alisema, akapiga paa la gari dogo jeupe linalong'aa. "Hili ni gari la mwanamke. Mwenyewe alikuwa mwalimu. Nyumbani shuleni, shuleni nyumbani. Hata honi sidhani kama aliwahi kuipiga."

"Mwalimu wa nini?" shangazi aliuliza, macho yameshaanza kulainika.

"Wa watoto wadogo."

"Masikini! Wale ni watu wapole."

Shangazi aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya baridi kama mtungi. Muuzaji aliuomba ufunguo kwa fundi, akawasha, na papo hapo redio ikaanza kuimba. Shangazi akaizima. Muuzaji akaifungua. Shangazi akaizima tena, safari hii akaacha kidole juu ya kitufe. Injini ilisema maneno yake, na yalikuwa maneno mazuri, laini, hayana kikohozi. Wakalizunguka. Milango ilifanana rangi. Fundi alilipiga tairi teke, akaumia kidole, akaguna, na ule mguno ulikuwa wa kweli kuliko yote ya asubuhi ile.

Ila sifa ni pombe. Muuzaji alivyozidi kumwita mzee na shemeji, ndivyo kifua cha fundi kilivyozidi kutanuka. Akasahau kuguna, akaanza kunena. Alitoa futikamba shingoni, maana hajui kutoka bila futikamba, akapima buti, akapima kiti, akachezea vitambaa vya viti.

"Jirani, vitambaa hivi vina mshono wa mashine nzuri."

"Jirani?" muuzaji aliinua nyusi.

Fundi alilirudisha futikamba shingoni. "Ndivyo ninavyomwita mke wangu. Tulianza kwa ujirani, sikuona haja ya kubadilisha."

Shangazi alikohoa kwa nguvu. Kimya aliona mambo yanaelekea pabaya, akafungua mlango wa nyuma, akaingia mle ndani.

Alipenda kukaa mahali na kujiuliza nani alikaa pale kabla yake. Ndani kulinukia manukato mapya. Vitambaa vya viti vilikuwa vipya pia, fundi alisema kweli. Lakini dari haikuvalishwa, wala ule ukuta mdogo kando ya dirisha, pale mtu anapolaza kichwa akisinzia. Na pale palikuwa na doa. Siyo doa la matope. Lilikuwa la mviringo, limeiva, lina mng'ao wake. Kimya alilijua doa lile kama anavyojua kiganja chake. Kila ukuta wa saluni ulikuwa nalo, usawa wa vichwa vya wanaosubiri zamu.

Mwalimu alikuwa akisinzia kiti cha nyuma? Nani anaendesha, watoto?

Akatazama upande wa pili. Doa jingine, pana zaidi. Akageuka, akaingiza vidole kwenye kile kitambaa kipya kinachofunika pa kuegemeza kichwa, akakivua kama anavyomvua mteja kilemba, pole pole. Kile kilichokuwa chini kilikuwa cheusi kwa mafuta. Akasogeza pua.

Nje, sauti ya fundi ilipaa. "Sisi ni watu wa neno moja. Tumelichukua!"

"Shangazi," Kimya alisema.

Hakuna aliyesikia. Muuzaji alikuwa ameshaushika mkono wa fundi, anautikisa.

"Shangazi!"

Wote waligeuka. Hata yeye alishtuka, sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoipima.

"Kuna nini humo, Kimya?"

"Kuna watu wengi."

Shangazi aliinama mlangoni na goti lake bovu, akatazama, hakuona mtu. "Watu gani, mwanangu?"

"Nusa hapa."

Msusi hahitaji kuambiwa mara mbili. Shangazi aliingia, akapeleka pua penye doa la kwanza, akafumba macho. "Mafuta ya nazi."

"Na hapa."

"Haya ya mgando, yenye harufu ya waridi. Haya siwezi kuyakosea, yalinichafulia mataulo." Akahamia upande wa pili, akanusa tena, uso ukamchangamka kama mtoto aliyepewa kitendawili. "Hii jeli. Hii dawa ya kulainisha, tena mtu hakusuuzwa vizuri, nani alimfanyia hivi? Na hapa... hapa kuna mafuta ya mtoto mchanga. Kimya, humu wamepita watu!"

"Ndiyo, shangazi. Sasa nusa cha dereva."

Shangazi alijinyoosha mbele, akavua kitambaa cha kiti cha dereva, akanusa, akanusa tena. Akakipapasa. Palikuwa pakavu, hapana mafuta hata tone, pamesuguliwa tu mpaka pakawa panateleza.

"Hapana kitu."

"Huyu hakuwa na nywele," Kimya alisema polepole, kama anajijibu mwenyewe. "Alikuwa na kipara. Na mrefu. Wewe kichwa chako kingeishia huku chini."

Kisha shangazi akatoka mgongo kwanza, akamkazia muuzaji macho. "Kaka yangu. Mwalimu wako ana kipara?"

"Walimu wengine wananyoa, dada."

"Na amefundisha darasa zima kwenye kiti cha nyuma?"

Muuzaji, kwa kuwa naye alikuwa binadamu mwenye pua, udadisi ulimshinda. Akaingia mle ndani akanusa, doa moja baada ya jingine, huku kola yake ikilegea. Kwenye doa la waridi alikaa kidogo.

"Haya alikuwa anapaka mama yangu," alisema, sauti yake imebadilika. Akatoka, akajikung'uta magoti. "Dada, nilivyouziwa ndivyo nilivyosema. Mimi niliambiwa mwalimu. Lakini hili lilikuwa teksi, siwezi kubisha tena."

"Teksi si dhambi," shangazi alisema. "Ungeniambia teksi, ningekuuliza ya teksi. Umeniambia mwalimu, nikaanza kuuliza ya shule."

"Lakini mimi nimeshatoa neno langu," fundi alinung'unika, mkono bado unamwasha kwa ule utikisaji.

"Neno lako? Wewe mwenyewe wa kuazima, neno lako litakuwa la nani?"

Likawa limetoka. Muuzaji alimtazama shangazi, akamtazama fundi, akatazama futikamba, kisha akacheka mpaka akaegemea lile gari jeupe. "Wa kuazima! Na mimi namwita shemeji!"

"Endelea kuniita," fundi alisema kwa unyonge. "Nilikuwa nimeanza kuzoea."

Baada ya kicheko hewa ilikuwa nyepesi. Kwa mara ya kwanza muuzaji alizungumza na shangazi uso kwa uso, akamuuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu mwanzo: gari hili ni la kufanyia nini? Shangazi akamweleza habari ya maharusi, mashine, kiti cha kuzunguka. Muuzaji alijikuna kidevu, akawaongoza hadi kona ya mwisho, kwenye gari la rangi ya majani makavu, refu kiunoni, nyuma kama sanduku.

"Hili siwaonyeshagi wanawake," alisema. "Halina urembo. La kazi. Gia za mkono. Lilikuwa la muuza mikate, na mkitaka kunusa, nuseni."

Shangazi alinusa. Mikate kweli, na unga kwenye mishono ya zulia. Mkono juu ya boneti, baridi. Akawasha mwenyewe, safari hii ufunguo hakuupokonya mtu. Injini ilinguruma kidogo ikatulia, kama mzee aliyeamshwa akakumbuka kwamba yuko kwake. Fundi alipima nyuma kwa futikamba, akapima tena, na hapo alikuwa fundi kweli, hakuwa mume wa mtu. "Mashine inaingia, na kiti kinaingia kikilazwa," alisema. "Vikapu vitapata pa kukaa. Lakini jirani, mlikague na mtu wako kwanza. Mimi nimeshajifunza."

"Dada wa Lori akirudi atakuja kulifungua boneti," shangazi alisema. "Akiniambia sawa, ni langu."

Wakati wakisema hayo, Kimya alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, ambao shangazi aliuacha wazi. Alitazama zile kanyagio tatu. Alikuwa akizijua kwa majina na kazi zake, lakini hakuwahi kuziona zimetulia hivi, zikisubiri. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia. Kiti kilikuwa mbali. Akapapasa chini akapata chuma chake, akakivuta, na kiti kikaja mbele kwa utiifu. Mguu wa kushoto ukafika. Wa kulia ukafika. Usukani ulikuwa mkubwa na wenye joto la jua, na kupitia kioo aliona kila kitu: wavu wa waya, lango, na nje ya lango barabara inayoteremka kwenda asikokujua.

"Na dereva mnaye?" muuzaji aliuliza kule nyuma.

"Yupo," fundi alijibu haraka, akitafuta pa kurudishia heshima yake. "Mtoto wa dada yangu. Huyo anajua magari tangu tumboni. Nikimwita leo, kesho yuko hapa."

"Ana adabu?" shangazi aliuliza.

"Adabu anayo."

"Hanywi?"

"Siku za kazi, hapana."

Shangazi alifikiri. Goti lilikuwa linamuuma, jua lilikuwa limepanda, na jambo zuri lilikuwa limepatikana. Mtu akichoka hukubali mengi. "Basi mwite huyo kijana," alisema. "Aje tumwone."

Neno lile lilimfikia Kimya kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, likapita juu ya zulia la unga, likamkuta na mikono miwili juu ya usukani. Alijua lingekwenda mpaka wapi. Kijana angekuja, angekisukuma kiti hiki nyuma, na yeye angerudi kukaa kati ya vikapu akishika mashine isianguke, siku zote, akitazama migongo ya watu. Hakuna ambaye angekuwa amemkosea. Hakuna aliyewahi kumnyima. Mtu hunyimwa alichoomba.

Alikumbuka jinsi sauti yake ilivyotoka kubwa muda mfupi uliopita, na jinsi dunia ilivyobaki mahali pake.

"Shangazi, usimwite."

Shangazi alichungulia kupitia nyuma ya gari. Aliona kisogo cha binti wa kaka yake mahali ambapo hakutegemea kukiona, misuko aliyomsuka mwenyewe imeshuka nyuma ya kiti. "Wewe unafanya nini huko mbele?"

"Nimekaa."

"Naona umekaa. Usimwite kwa nini? Unamjua? Ana tabia mbaya?"

"Simjui. Hana kosa." Hakugeuka. Alijua akigeuka akaona nyuso zao, fundi na futikamba lake, muuzaji na kola yake, maneno yatarudi yalikotoka na hayatatoka tena. Akaendelea kuitazama ile barabara nje ya lango. "Nimekaa naye Dada wa Lori miaka yote hii, namsuka, hajui kwamba namsikiliza. Akikubali anifundishe, nitajifunza. Nikishindwa nitasema nimeshindwa, utamwita huyo kijana. Lakini usimwite kwanza."

"Kimya," shangazi alisema, na safari hii jina lilimtoka kwa shida, kama nguo iliyombana. Alizunguka gari akichechemea, akaja kusimama mlangoni, akaegemeza mkono juu ya paa. Akamtazama miguuni, pale miguu ilipofika. "Unaniambia nini, mwanangu? Niambie kwa neno lake."

Binti alimtazama usoni.

"Nataka kuendesha," alisema.